Ni Nani Amlipaye Mwenye Nyumba ya Wageni? Historia ya Gharama za Kuwauguza Wagonjwa wa UKIMWI, Tukianzia Umwe, Rufiji

1. Utangulizi

Mfano wa Msamaria Mwema, katika sura ya kumi ya Injili ya Luka, huhubiriwa katika sharika zetu kila mwaka. Wahubiri wengi humkemea kuhani na Mlawi, humsifu Msamaria kwa huruma yake, kisha husema Amina. Ni wachache wanaoendelea hadi mstari wa 35, mahali ambapo habari inageuka kuwa habari ya fedha. Siku ya pili yake Msamaria anatoa dinari mbili, anamkabidhi mwenye nyumba ya wageni, anaagiza majeruhi atunzwe, na anaahidi kulipa gharama yoyote itakayozidi. Hapo huruma imepata bajeti. Kuna mgonjwa asiyeweza kujihudumia, kuna mahali pa kumlaza, kuna mtu wa kumwuguza, na kuna mtu wa tatu aliyejifunga kulipa.

Makala hii inakusudia kuuliza swali la mstari huo katika historia yetu wenyewe. Tangu UKIMWI uingie nchini, ni nani amelipa gharama za uuguzi wa wagonjwa wake? Hatuulizi juu ya dawa peke yake, wala juu ya vipimo. Twauliza juu ya kazi ya kumgeuza mgonjwa kitandani, kumwosha, kumlisha uji na kukesha naye usiku. Tumechagua kuanzia Umwe, kandokando ya mji mdogo wa Ikwiriri wilayani Rufiji, kwa sababu bonde la Rufiji lina bahati ya pekee: ni mojawapo ya sehemu za nchi yetu ambazo maisha na vifo vya watu wake vimehesabiwa kwa uangalifu mkubwa. Ikiwa jambo fulani halikuonekana hata huko, hapana budi kuuliza kwa nini.

2. Umwe na watu wake

Mrufiji ni mtu wa mto. Kwa vizazi vingi aliishi karibu na mashamba ya bondeni, akilima mpunga wa mafuriko na, maji yakishapungua, akipanda mazao ya mlau. Mwaka 1969, baada ya mafuriko makubwa ya mwaka uliotangulia, serikali iliendesha Operesheni Rufiji, na watu wakahamishwa kutoka bondeni kwenda katika vijiji vya ujamaa kwenye nchi ya juu. Hata hivyo mashamba hayakuhamia juu pamoja na watu. Familia ziliendelea kushuka bondeni kwa msimu, zikilala katika madungu ili kuulinda mpunga dhidi ya ndege na wanyama.

Jambo hili lina uzito katika habari yetu. Mgonjwa wa muda mrefu hawezi kupelekwa dunguni. Ni lazima abaki kijijini, na mtu abaki naye. Basi kila siku ya uuguzi ni siku moja iliyotolewa shambani, na siku hiyo huonekana ghalani wakati wa mavuno. Aidha, hospitali ya wilaya iko Utete, ng'ambo ya kusini ya mto, ilhali Ikwiriri na Umwe ziko kaskazini. Hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, kuvuka mto katika barabara kuu ya kusini kulitegemea kivuko cha Ndundu. Mtu aliyezidiwa usiku alikuwa na mto kati yake na kitanda cha hospitali.

Wakazi wengi wa Umwe ni Waislamu, na Wakristo ni wachache. Twalitaja hili mapema, kwa sababu msomaji aweza kudhani kwamba swali la diakonia linahusu tu mahali ambapo Kanisa lina hospitali na watu wengi. Msamaria naye alikuwa mgeni katika njia ile.

3. Kutoka matibabu ya bure hadi uchangiaji

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali yetu ilichukua wajibu wa kutoa matibabu bila malipo katika vituo vyake. Mwaka 1977 tiba ya kibinafsi ya kibiashara ilipigwa marufuku, na hospitali za makanisa zikaendelea kwa kushirikiana na serikali. Msingi wa mpango huo ulikuwa mzuri: afya ilihesabiwa kuwa haki ya raia, wala si bidhaa. Lakini kufikia miaka ya 1980 uchumi ulikuwa umeporomoka, na zahanati nyingi zilibaki na kuta bila dawa.

Ni katika majira hayo hayo UKIMWI ulipobisha hodi. Wagonjwa 3 wa kwanza waliripotiwa mwaka 1983 mkoani Kagera. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imekwisha kuripoti wagonjwa. Ugonjwa huu haukufanana na yale ambayo zahanati zetu zilijengewa. Malaria humshika mtu kwa siku, kisha hupona au hufa. Upungufu wa kinga mwilini ulimdhoofisha mtu kwa miezi na miaka, magonjwa nyemelezi yakipokezana: leo kifua kikuu, kesho kuhara, keshokutwa vidonda vya kinywa. Mgonjwa wa namna hii alihitaji muuguzi kwa muda mrefu kuliko alivyomhitaji daktari.

Hospitali hazikuweza kuwalaza wote. Wengi walirudishwa nyumbani, na nyumbani maana yake ilikuwa mama, dada, mke, au bibi. Mwaka 1989 wananchi walianzisha WAMATA jijini Dar es Salaam, ili kuwasaidia wagonjwa na jamaa zao. Huko Kagera, Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya Kanisa letu iliwahudumia yatima kwa njia ya HUYAWA. Mwaka 1992 Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam likaanzisha PASADA. Nchi jirani ya Uganda ilikuwa imetangulia kwa TASO, iliyoanzishwa mwaka 1987. Huduma zote hizi zilitoka mioyoni mwa watu, na gharama zake zikabebwa na wafadhili na watu wa kujitolea.

Mwaka 1993 serikali ilianza uchangiaji wa gharama katika hospitali zake. Kwa haki yapasa kusema kwamba mwongozo wa uchangiaji uliwasamehe wagonjwa wa magonjwa sugu, UKIMWI ukiwemo. Lakini msamaha wa ada ya hospitali ulimfaa yule tu aliyefika hospitali. Haukumlipia nauli ya kivuko wala sabuni ya kufulia mashuka, na haukulipia siku za kazi zilizopotea. Aliyekuwa akiugulia nyumbani alisamehewa deni ambalo hakuwa nalo, na akaachiwa lile alilokuwa nalo.

4. Bima inaingia

Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kujaribiwa katika Wilaya ya Igunga. Kaya ililipa mchango kwa mwaka, kisha ikatibiwa katika vituo vya wilaya yake bila kulipa ada tena. Mwaka 1999 Bunge lilitunga Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na Mfuko ukaanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa serikali. Mchango wake ni asilimia 6 ya mshahara: nusu hukatwa mtumishi, na nusu hutolewa na mwajiri. Mwaka 2001 pia ikatungwa sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii.

Tuone jinsi mlango huu ulivyojengwa. Mfuko wa kwanza ulimfuata mwenye mshahara, na wa pili ulimfuata mwenye fedha taslimu ya mchango. Mkulima wa Umwe hakuwa na mshahara, na mwaka ambao mafuriko au ukame umeharibu mpunga hakuwa na taslimu. Tena, mifuko yote miwili ilinunua huduma za kituoni: kumwona daktari, vipimo, dawa, kulazwa, upasuaji. Ilimhesabu mgonjwa tangu anapoingia kituoni hadi anapotoka. Baada ya hapo alikuwa wa jamaa zake.

Mwezi Desemba mwaka 1999 Rais Mkapa aliutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. Mwaka 2004 dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bila malipo chini ya mpango wa taifa. Kwa neno hili twamshukuru Mungu. Wachungaji waliohudumu miaka ya 1990 wanakumbuka jinsi Jumamosi zilivyokuwa siku za mazishi. Waliosoma chuoni baadaye hawawezi kuijua vizuri hali ile. Dawa hizo hazikulipwa kwa bima, bali kwa fedha za serikali na, kwa sehemu kubwa, za wafadhili wa nje, hasa Mfuko wa Dunia na mpango wa dharura wa Marekani uliotangazwa mwaka 2003.

Hivyo matibabu yaligawanyika katika mikono mitatu. Dawa ya virusi ililipwa na mfadhili. Kitanda cha hospitali kililipwa na bima kwa aliyekuwa nayo. Uuguzi wa nyumbani ulilipwa na mwanamke aliyekosa kwenda shambani.

5. Kisichohesabiwa hakilipwi

Hapa twarudi Rufiji. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 wilaya hii, pamoja na Wilaya ya Morogoro Vijijini, iliingizwa katika mradi wa afya uliojulikana kwa jina la TEHIP. Mwaka 1998 ulianzishwa mfumo wa kuhesabu watu, makao yake yakiwa Ikwiriri. Wadadisi walizungukia kaya kila baada ya miezi minne, wakiandika waliozaliwa, waliokufa, waliohamia na waliohama. Panapotokea kifo, jamaa waliulizwa juu ya dalili za marehemu, ili sababu ya kifo ikadiriwe.

Hesabu hizo zilifungua macho. Ilionekana kwamba fedha za wilaya hazikufuata mzigo wa magonjwa: malaria, kwa mfano, ilipewa sehemu ndogo kuliko madhara yake. Halmashauri zilipopanga upya matumizi yao kwa kufuata hesabu, zikiongezewa kiasi kidogo tu cha fedha, vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika muda wa miaka michache. Kadhalika UKIMWI na kifua kikuu vilionekana kuwa miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watu wazima. Habari za Rufiji zikasomwa ulimwenguni kote.

Fundisho lake ni hili: fedha ya umma huifuata daftari. Kilichoandikwa hupata fungu, na kisichoandikwa hukosa. Mfumo ule uliandika vizuri siku ya kufa, kwa maana ndiyo kazi uliyopewa. Lakini kati ya siku ya kuugua na siku ya kufa kulikuwa na mamia ya usiku wa kukesha, na usiku huo haukuwa na safu katika daftari ya fedha. Hatusemi haya kwa kuwalaumu watafiti. Sisi wenyewe tuna vitabu vya sharika ambamo tumeandika ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi, na hatuna safu ya wauguzi wa nyumbani. Mchungaji aliyezika wagonjwa wa UKIMWI anaweza kusoma majina yao leo, lakini majina ya waliowaosha hawezi kuyasoma popote.

6. Mifano miwili kutoka mbali

Katika Marekani, sheria ya mwaka 1965 iliyoanzisha Medicaid, yaani bima ya umma ya watu maskini, iliingiza uuguzi wa muda mrefu katika nyumba za uuguzi. UKIMWI ulipotambuliwa huko mwaka 1981, wagonjwa wengi walioishiwa mali waliangukia katika bima hiyo. Lakini katika miaka ya mwanzo nyumba nyingi za uuguzi zilisita kuwapokea, kwa hofu na kwa unyanyapaa. Malipo yalikuwapo, ila mlango ulifungwa. Sheria nyingine ya mwaka 1981 ilikuwa imeruhusu majimbo kuomba kibali cha kulipia huduma nyumbani, kwa watu ambao bila hiyo wangelazwa katika nyumba hizo. Na baadaye majimbo kadhaa yakaitumia njia hiyo kwa wagonjwa wa UKIMWI. Tukijilinganisha nao, sisi tulikuwa na milango iliyo wazi bila malipo. Huduma inahitaji vyote viwili.

Mfano wa pili ni wa baba yetu Luther. Mwaka 1523 usharika wa Leisnig, katika Saxony, uliweka sanduku la pamoja, naye Luther akaliandikia dibaji utaratibu wake. Mapato ya kanisa na michango ya wenyeji yaliwekwa humo, ili kuwatunza wachungaji, shule, wagonjwa na maskini wasioweza kazi. Wasimamizi 10 walichaguliwa kutoka kwa makabaila, baraza la mji, raia na wakulima, na sanduku lilikuwa na kufuli nne, ili pasiwe na kundi moja la kulifungua peke yake. Mpango huo ulikwama, kwa sababu baraza la mji lilikataa kuachilia mapato lililokuwa likiyashika. Hata hivyo fikra ilikuwa imepandwa: kumtunza mgonjwa maskini si sadaka ya hiari ya tajiri, bali ni wajibu wa jumuiya wenye daftari na funguo.

Miaka 4 baadaye, mwaka 1527, Luther aliandika juu ya swali kama ni halali kuikimbia tauni. Alisema kwamba ni jambo jema mamlaka zikiwa na nyumba za wagonjwa na watu wa kuwahudumia. Lakini mahali pasipo na nyumba hizo, ambapo ndipo palipo pengi, imetupasa kuwa wauguzi sisi kwa sisi. Tuangalie mpangilio wa hoja yake. Uuguzi wa jirani kwa jirani ni wajibu wetu pale utaratibu wa umma ulipokosekana. Hakusema kwamba kwa kuwa majirani wanauguzana, basi utaratibu wa umma hauhitajiki. Twahofu kwamba nchini kwetu sentensi hii imesomwa kinyume.

7. Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba upendo ukilipwa, hufa. Binti anayemwuguza mamaye hafanyi hivyo kwa ujira. Tukimlipa tutamfanya kibarua. Jibu letu limo katika mfano wenyewe. Msamaria aliosha majeraha kwa mikono yake mwenyewe, bila malipo. Lakini hakumwambia mwenye nyumba ya wageni ajitolee. Alijua kwamba huyo naye ana nyumba ya kuendesha, akampa dinari mbili. Wala Injili haisemi kwamba utunzaji wa mwenye nyumba ulikuwa duni kwa sababu ulilipwa. Aliyekwisha kutoa usiku wake hatukosei tukimrudishia mchana wake.

Pingamizi la pili ni la umaskini wa nchi. Kama bima haijatosha hata kwa dawa, itatosha vipi kwa uuguzi? Pingamizi hili lina ukweli, nasi hatulipuuzi. Lakini gharama haitoweki kwa sababu haikulipwa na mfuko. Hubadilisha tu mlipaji. Uuguzi wa wagonjwa wa Umwe ulilipwa wote, kwa shamba lisilolimwa, kwa mtoto wa kike aliyeachishwa shule, kwa mbuzi aliyeuzwa. Swali halikuwa kamwe kama nchi maskini yaweza kuubeba mzigo huu, kwa maana imeubeba. Swali ni kama utaendelea kuwekwa juu ya mabega yaliyo dhaifu kuliko yote.

8. Kwa nini jambo hili si la zamani

Mtu aweza kusema kwamba tangu dawa zipatikane, habari hii imekwisha. La. Walioanza dawa mwaka 2004 wakiwa na umri wa miaka 35 wamekwisha kuwa watu wazima wa zaidi ya miaka 50, na wanaukabili uzee wenye kisukari, shinikizo la damu, kiharusi na saratani. Na saratani ya mlango wa kizazi huwashika zaidi wanawake wenye virusi. Mgonjwa aliyeokolewa na kifo cha haraka sasa anahitaji uuguzi wa miaka mingi.

Kuna badiliko pia upande wa walipaji. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha kwa ghafula sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na huduma za UKIMWI katika nchi nyingi za Afrika zikatikiswa. Tulioegemea ukuta wa jirani tulijifunza siku ile kwamba ukuta si wetu. Kwa upande mwingine, mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, nayo imeweka mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo. Sheria hii inamtaja maskini katika habari ya bima kama mtu wa kulipiwa, wala si mtu wa kusamehewa tu. Hii ni hatua kubwa. Lakini kitita cha bima kitakachoishia kwenye mlango wa kituo cha afya kitarudia historia tuliyoisimulia hapa.

9. Hitimisho

Twapendekeza mambo matatu kwa watumishi na wanafunzi wa theolojia. Kwanza, sharika zianze kuandika. Katika daftari la diakonia kuwe na safu ya wagonjwa wa muda mrefu na ya wanaowauguza, bila kutaja ugonjwa na kwa kutunza siri, pasipo kubagua kati ya Mkristo na Mwislamu. Pili, usharika wenye uwezo uzilipie bima kaya za wauguzi walio maskini, na pale ambapo Wakristo ni wachache, kama Umwe, jambo hili lifanywe pamoja na wazee wa msikiti. Sanduku la Leisnig lilikuwa na kufuli nne. Letu laweza kuwa na mbili. Tatu, Kanisa, ambalo lina hospitali na vituo vinavyopokea malipo ya bima, litumie nafasi yake mezani kuomba kwamba ziara za muuguzi na za mhudumu wa afya ya jamii majumbani zihesabiwe kuwa huduma ya kulipiwa.

Tulipoanza, tuliuliza ni nani amlipaye mwenye nyumba ya wageni. Historia ya Umwe inajibu kwamba kwa zaidi ya miaka 40 mwenye nyumba amejilipa mwenyewe. Alimpokea majeruhi, akamlaza, akamtunza hadi mwisho, na hakuna aliyerudi kuuliza ni kiasi gani kimezidi. Msamaria aliahidi kurudi. Ikiwa twamhubiri Bwana aliye Msamaria wetu, basi na tujue kwamba ahadi ile ya kulipa imewekwa mikononi mwetu hadi atakapokuja, na kwamba deni bado liko wazi.